Kabla ya Ikulu: Lincoln alivyokosa kazi na kulemewa na huzuni

Bila shaka umewahi kutumiwa ile orodha ya Abraham Lincoln kwenye WhatsApp. Biashara ikafa, akashindwa uchaguzi, akafiwa na mpenzi, akaugua moyo, kisha ghafla bin vuu, rais wa Marekani! Anayekutumia huwa na nia njema, anataka uamke utafute kazi. Lakini kama ulimaliza chuo mwaka juzi na siku hizi unaamka saa nne kwa sababu huna pa kwenda, orodha hiyo haikufai. Imeruka sehemu unayoitaka: katikati ya hayo yote, jamaa aliishi vipi?

Lincoln alizaliwa mwaka 1809 huko Kentucky, katika kibanda cha magogo. Ukijumlisha siku zote alizokwenda shule hazifiki mwaka mmoja. Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, alifika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, bila jamaa wala pesa. Akapata kazi ya kuuza dukani. Mwaka uliofuata duka likafungwa. Akaingia jeshini miezi mitatu hivi, akarudi, akagombea kiti cha bunge la jimbo na kubwagwa.

Hapo ndipo alipobaki hana kazi kabisa. Akafanya kosa ambalo vijana wengi tunalijua: akanunua duka kwa mkopo pamoja na mwenzake, William Berry. Duka halikudumu. Berry alifariki mwaka 1835 na deni lote likamwangukia Lincoln, zaidi ya dola 1,000. Alikuwa akilitania kwa kulifananisha na deni la taifa, lakini ilimchukua miaka mingi kulimaliza.

Sasa angalia alichofanya. Hakukaa kungoja kazi ya ndoto zake. Alipasua magogo ya kujengea ua, akafanya vibarua mashambani wakati wa mavuno. Mei 1833 akapewa kazi ya posta ya kijiji. Mshahara ulikuwa kiduchu, na barua nyingine alizisambaza kwa miguu akiwa amezitia ndani ya kofia yake. Ila kazi hiyo ilimpa vitu viwili ambavyo asiye na kazi huvipoteza upesi: sababu ya kutoka nje na watu wa kuongea nao. Tena alipata kusoma magazeti ya wenyewe kabla hajayapeleka! Baadaye akajifunza upimaji wa ardhi vitabuni, akawa msaidizi wa mpimaji wa kaunti.

Wadai hawakumhurumia. Mahakama iliamuru farasi wake na vifaa vyake vya upimaji vipigwe mnada. Jirani yake, James Short, alivinunua vyote akamrudishia. Hebu fikiria: bila jirani huyo, hata kile kibarua kingekwisha.

Agosti 1835 Ann Rutledge, msichana ambaye wengi kijijini walisema ni mchumba wake, akafa kwa homa. Lincoln alivunjika. Alizurura msituni peke yake na kusema maneno yaliyowatia watu hofu kuwa angejidhuru. Kumbuka wakati huo tayari alikuwa mbunge wa jimbo, maana alishinda mwaka 1834. Kwa hivyo wanaosema ukipata kazi tu mawazo yataisha, hawajui wanalosema. Majirani hawakumwambia ajikaze kiume. Mzee Bowling Green na mkewe walimchukua wakakaa naye nyumbani kwao kwa siku kadhaa mpaka akatulia.

Ikamrudia tena Januari 1841, baada ya kuvunja uchumba na Mary Todd. Alilala kitandani, akakosa vikao vya bunge, akakonda. Rafiki yake Joshua Speed, ambaye alikuwa amemkaribisha chumbani kwake Springfield wakati Lincoln hana hata hela za kununua kitanda, alikaa naye karibu na kuondoa vitu vya hatari chumbani. Agosti mwaka huo Lincoln akasafiri hadi kwa kina Speed karibu na Louisville, akapumzika kwa majuma kadhaa akila vizuri, akitembea na kupiga gumzo.

Dawa je? Tusimwige hapo. Alimeza vidonge vyenye zebaki, ambayo ni sumu, kwani ndivyo madaktari wa enzi hizo walivyojua. Wewe leo una bahati: sonona ni ugonjwa unaotibika, na daktari au mshauri katika hospitali iliyo karibu nawe anaweza kukusikiliza. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo leo, usingoje kesho.

Sitakudanganya kwamba Lincoln alipona kabisa. Mwanasheria aliyefanya kazi naye ofisi moja aliandika kuwa huzuni ilionekana hata katika kutembea kwake, na ikamfuata hadi Ikulu mwaka 1861. Aliishi nayo kwa vichekesho, kusoma mashairi na kukaa na watu.

Mwanzoni mwa 1842 mambo yakageuka. Safari hii aliyezongwa ni Speed, akihangaika moyoni kuhusu ndoa yake. Lincoln ndiye aliyeshika kalamu. Alimwandikia barua baada ya barua, akimweleza kuwa hali ile inatokana na mishipa ya fahamu wala si upungufu wake, kwamba hali mbaya ya hewa, kukosa shughuli na kuwa mbali na marafiki huizidisha, na kwamba ikimkamata asikae bure. Speed alioa Februari hiyo. Novemba, Lincoln naye akarudiana na Mary Todd na kumwoa.