Isike wa Unyanyembe: Nasaba na Vyeo vya Utemi

Miongoni mwa watawala wa Bara wa zama za misafara, Mtemi Isike wa Unyanyembe hukumbukwa zaidi kwa kifo chake cha Januari 1893. Hata hivyo, maisha yake hayawezi kueleweka barabara pasipo kuichunguza nasaba yake, kwani utemi alioushika mwaka 1876 ulikuwa umekwisha kubadilishwa na biashara ya pembe za ndovu.

Neno mtemi huhusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata: kukata msitu, na kukata mashauri. Chini yake walikuwapo wagawe, washauri na wasimamizi wa matambiko, pamoja na wanangwa waliotawala sehemu za nchi. Mwanangwa kwa asili ni mtoto wa mtemi. Cheo hicho kinadhihirisha utaratibu wa kale, ambapo utemi ulirithiwa kwa upande wa mama, aghalabu na mpwa, nao wana wa mtemi wakapewa vijiji badala ya kiti. Pembe na bunduki zilipoongeza mali ya watemi, wana nao walianza kukitamani kiti chenyewe.

Fundikira wa Kwanza, aliyewahi kusafiri na misafara kabla ya kutawala, aliishi kwa masikilizano na wafanyabiashara wa Pwani na Waarabu waliolowea Tabora, njia panda ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mrithi wake, Mnywa Sele, aliwatoza kodi. Kwa sababu hiyo walimwondoa mwaka 1860 na kumsimika Mkasiwa. Mnywa Sele akapigana msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Tangu hapo utemi ulikuwa na wakunga wawili: ukoo na wafanyabiashara. Mkasiwa hakuweza kuwaudhi wageni waliompa kiti, hata wakati wa vita vya Mirambo vilivyoanza mwaka 1871.

Isike, mwana wa Mkasiwa, alirithi kiti pamoja na deni hilo. Alijizatiti kwa ruga-ruga wenye bunduki na kuiimarisha ikulu yake kwa maboma, akakusudia kuirejesha mamlaka ya kutoza kodi njiani. Mwaka 1890 Emin Pasha alipopandisha bendera ya Ujerumani mjini Tabora, wafanyabiashara walipatana naye. Isike akabaki peke yake. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 hayakufua dafu. Lakini Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliivunja ngome, naye Isike akaiwasha baruti ghalani badala ya kutekwa.

Wajerumani hawakuufuta ukoo, bali walimsimika Nyaso, mwanamke wa ukoo huohuo. Hivyo yaliyotendwa na wafanyabiashara mwaka 1860 yalirudiwa na dola. Utemi ulidumu hadi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, wakati Abdallah Fundikira, mtemi wa mwisho kabla ya kufutwa huko, alikuwa amekwisha kuwa waziri katika serikali ya Tanganyika huru.

Kwa muhtasari, Isike hakushindwa kwa upungufu wa ushujaa, bali kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimekwisha kutegemezwa kwa mikono ya nje. Ama neno ikulu, lililotaja makao ya watemi, leo ni jina la makao ya Rais.