Kawawa: Mwigizaji aliyetangulia kuonekana kwenye sinema kabla ya siasa

WENGI humkumbuka Rashidi Mfaume Kawawa kama Waziri Mkuu na mtu wa karibu wa Mwalimu Julius Nyerere. Wachache wanakumbuka kwamba sura yake ilianza kufahamika kupitia sinema.

Alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Songea, baba yake akiwa mwindaji wa tembo. Baada ya masomo ya Dar es Salaam alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, ileile aliyosoma Nyerere, katika mji uliowahi kuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Ujiji. Nafasi ya kwenda Makerere aliiacha, kwa kuwa wadogo zake walihitaji mtu wa kuwasomesha. Akaajiriwa serikalini.

Hapo ndipo sinema ilipomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliikaribisha kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika ya kwanza, Muhogo Mchungu, Kawawa alikuwa mhusika mkuu. Ni mikasa ya mtu wa shamba aliyefika mjini: nusu kichekesho, nusu onyo la serikali, na sehemu hizo mbili hazikushikamana vyema. Hata hivyo, Mwafrika alikuwa amewekwa katikati ya hadithi, akizungumza lugha ya watazamaji wake. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1953 mwajiri wake alimtuma Urambo, magharibi ya Tabora, yalikokuwa makao ya Mtemi Mirambo, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Kijana aliyeigiza kwa fedha za serikali sasa alikuwa mtumishi wake mbele ya watu iliowafungia. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU; Kawawa alipaswa kuchagua. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali.

Vyeo vilifuata haraka: Waziri Mkuu mwaka 1962, kisha Makamu wa Rais, na Waziri Mkuu tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977. Katika kipindi hicho cha pili alisimamia kuhamishiwa kwa wakulima katika vijiji vya ujamaa, kazi ambayo mahali pengine ilifanywa kwa nguvu. Miaka hiyohiyo Kampuni ya Filamu Tanzania ilitoa Fimbo ya Mnyonge, hadithi ya mwanakijiji anayekwenda mjini, anakwama, kisha anapata maisha katika kijiji cha ujamaa. Mtu wa shamba alikuwa amerudi kwenye sinema, na safari hii onyo lilitoka kwa serikali ya Kawawa mwenyewe.

Alifariki dunia Desemba 31, 2009, jijini Dar es Salaam, akazikwa Madale.