Daktari wa matufaha mabichi na unga wa shangazi

Kama unavuka mpaka wa Mugina na Manyovu mara kwa mara, bila shaka umekutana na wauzaji wa unga wa kusafisha mwili. Shangazi yangu alinunua pakiti tatu. Aliambiwa aache chakula cha kupikwa, ale matunda tu na unga huo, na vidonge vyake vya kisukari aviweke kando. Katika karatasi aliyopewa aliandikwa daktari mmoja wa Uswisi wa zamani, kuwa ndiye shahidi wa dawa hiyo.

Mimi ni mwalimu. Nilisomea Ulyankulu, mkoani Tabora, tulikokuwa ukimbizini, na nilirudi Burundi mwaka 2008. Kule tulifundishwa kuwa jina la mtu likitajwa sokoni, kwanza uulize mwenyewe alikuwa nani. Basi nilimtafuta daktari huyo vitabuni, na haya ndiyo maisha yake.

Maximilian Bircher-Benner alizaliwa Agosti 22, 1867 katika mji wa Aarau. Alisomea udaktari Zurich, na mwaka 1891 akafungua chumba cha matibabu katika mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini humo. Wagonjwa wake hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mkate, soseji na pombe kali.

Inasimuliwa kuwa aliugua manjano, akawa hawezi kumeza kitu. Mkewe, Elisabeth Benner, akamlisha vipande vya tufaha bichi, kidogo kidogo, mpaka akapata nguvu. Baadaye akampata mgonjwa wa tumbo aliyeshindikana kwa dawa zote. Akamjaribu kwa matunda na mboga mbichi, naye akapona. Tangu hapo daktari hakurudi nyuma.

Mwaka 1900 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa Zurich akaeleza imani yake. Alidai kuwa mimea huhifadhi nguvu ya jua, kwamba moto wa jikoni hupunguza nguvu hiyo, na kwamba nyama ndiyo ya mwisho kwa thamani. Wenzake walimwona ametoka nje ya mipaka ya sayansi. Alirudi nyumbani akiwa peke yake, lakini hakufunga mlango wake.

Mwaka 1904 alifungua nyumba kubwa ya tiba katika kilima cha Zürichberg, akaiita Lebendige Kraft, maana yake Nguvu Hai. Humo tajiri aliishi kama mwanafunzi wa bweni. Aliamka alfajiri, alitembea kwa miguu kabla ya kifungua kinywa, alioga maji baridi, aliota jua, na alilima bustani. Pombe, sigara na kahawa vilipigwa marufuku. Saa tatu usiku kila mtu alikuwa kitandani. Mwandishi Mjerumani Thomas Mann alikaa huko mwaka 1909. Siku za mwanzo alitamani kufunga mizigo yake aondoke, lakini alivumilia.

Chakula kilichompa daktari sifa duniani kilikuwa rahisi. Kijiko kimoja cha oti iliyolowekwa, maji ya limau, kijiko cha maziwa mazito ya kopo, njugu zilizosagwa, na tufaha zima lililokunwa pamoja na ganda lake. Siku hizi nafaka za aina hiyo huuzwa madukani kwa jina la muesli. Yeye alikusudia tufaha liwe ndilo chakula, na nafaka iwe kitoweo tu.

Je, alikuwa sahihi? Nusu yake. Mwaka 1912 mwanasayansi Casimir Funk alivipa jina vitamini, na watu wakaanza kufahamu kwa nini matunda na mboga hulinda mwili. Lakini ile nadharia ya jua kukaa ndani ya chakula kibichi haikusimama. Sisi wa huku tunajua bila kwenda Zurich: muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri huua, na maharage yasiyoiva huumiza tumbo. Vilevile, kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, usiku na mchana.

Bircher-Benner alifariki Januari 24, 1939. Nyumba yake ya tiba iliendelea kwa miaka mingi baada yake, kisha ikafungwa.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa amedhoofika, anakunywa maji bila kiu kuisha, na macho yameingia ukungu. Nilimweleza kuwa daktari yule aliwaweka wagonjwa wake chini ya macho yake kwa majuma, na dawa yake ilikuwa tufaha la sokoni na jembe la bustani. Nikamkumbusha pia kuwa wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliona haya, kwa sababu fedha za unga zilikuwa za mbegu. Nilimwambia haya hazina nafasi hapo, tukaenda kituo cha afya siku ileile, nao wakamrudisha kwenye vidonge.

Wafanyabiashara wenzetu wa mpakani, mnabeba parachichi, nyanya na lengalenga kila siku migongoni. Hiyo ndiyo sehemu ya kweli ya daktari yule, na mnaijua bei yake. Leo shangazi hula mboga zake, hutembea asubuhi hadi kisimani, na vidonge vyake amevifunga kwenye pindo la kanga asivisahau.