Sokoine Kabla Hajawa Jina la Chuo

Ukitoka Songwa, pale jirani na mgodi wa Mwadui, kuja kusoma SUA, safari ni ndefu: Tinde, Nzega, Singida, Dodoma, Gairo. Ukikaribia Morogoro unapita Dakawa, na wengi muda huo tumeshalala. Hapo ndipo alipofia, tarehe 12 Aprili 1984, mtu ambaye jina lake liko kwenye barua yako ya udahili.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, kwenye familia ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma hapo Monduli, halafu Umbwe, Kilimanjaro. Sisi tuliokulia Kishapu tunajua maana yake: mtoto akienda shule, mchungaji amepungua nyumbani, na mzee lazima aamue. Kwake yeye, shule ilishinda. Mwaka 1961 akajiunga na TANU, akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala (siyo kilimo, siyo mifugo), akarudi kuwa ofisa mtendaji wa wilaya ya Wamaasai. Mwaka 1965 akawa mbunge.

Mwaka huohuo wa 1965, Morogoro kilianzishwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Mwaka 1969 kikapandishwa kuwa kitivo cha kilimo chini ya Dar es Salaam. Kwa hiyo wale wanaodhani chuo kilijengwa kwa ajili ya Sokoine wamekosea. Mabweni, mashamba na ng'ombe vilikuwepo kabla ya jina.

Uwaziri aliupitia haraka: mawasiliano, ofisi ya Makamu wa Pili, kisha ulinzi kuanzia 1972. Februari 1977 akawa Waziri Mkuu, na vita vya Kagera vilimkuta kwenye kiti hicho. Mwaka 1980 akaondoka, Februari 1983 akarudi.

Hiki kipindi cha pili ndicho wazee wanachokibishania mpaka leo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, nguo hakuna, halafu bidhaa ziko kwenye maghala ya watu. Msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Kuna waliotupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Wananchi wengi walishangilia, na mimi naelewa kwa nini. Lakini watu waliwekwa ndani kwanza, sheria ya kuwashughulikia ikatungwa baadaye mwaka huohuo, na kesi zao hazikwenda kwenye mahakama za kawaida. Msomi anayemsifia Sokoine bila kuligusa hilo anaruka ukurasa. Mwaka huo pia mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi Dar es Salaam, yale tunayoyaita daladala. Yaani serikali ileile iliyokimbizana na wafanyabiashara ilikubali kwamba UDA peke yake haitoshi.

Siku ya ajali alikuwa anatoka Dodoma, bungeni, anaelekea Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 45. Tarehe 1 Julai, hata miezi mitatu haijaisha, kitivo cha Morogoro kikawa chuo kikuu kamili kwa Sheria Namba 6 ya 1984, na kikapewa jina lake. Kwangu mimi, jina hilo lina uzito kuliko maombolezo. Miaka ile mfugaji alitajwa kama mtu wa kuelimishwa tu, aache kuhamahama, apunguze mifugo. Halafu chuo kikuu cha kwanza cha kilimo nchini kikaitwa kwa jina la mtoto wa boma. Mtoto wa msukuma ng'ombe wa Songwa anapoingia darasa la tiba ya mifugo, haingii kama mgeni.

Kuna jambo wageni hawaligundui wakifika hapa. Gari lililogongana na la Sokoine liliendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, ambacho wakati huo kilikuwa na makazi Dakawa na Mazimbu. Mwaka 1992 ANC wakaikabidhi Mazimbu kwa serikali yetu, nayo ikawa sehemu ya SUA. Leo kampasi kuu inaitwa Edward Moringe, ile ya Mazimbu inaitwa Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Chuo ni kimoja.