Wilhelm Röntgen: Jamaa Aliyefukuzwa Shule, Lakini Akasaidia Kukagua Injini za Ndege Hadi Leo

Kama umewahi kuvunjika mkono ukapigwa eksirei, kazi ya Wilhelm Conrad Röntgen unaijua, hata kama jina lake hukuwa na rada nalo. Lakini si madaktari pekee wanaomtegemea. Wasee wa viwanda vya ndege pia wako kwa hiyo foleni.

Röntgen alizaliwa 27 Machi 1845 huko Lennep, Ujerumani, akalelewa Uholanzi. Akiwa shule ya ufundi Utrecht, mwanafunzi fulani alimchora mwalimu kikatuni cha kumcheka. Lawama ikamwangukia Röntgen. Akaambiwa amtaje aliyechora, akakataa katakata kumchoma mwenzake. Akafukuzwa, na bila cheti milango mingi ikafungwa.

Hakukaa chini kulia. Kulikuwa na chuo cha ufundi Zurich, Uswisi, ambacho kingekuchukua hata bila hicho cheti, bora upite mtihani wao. Akapita, akasomea uhandisi wa mashine, na 1869 akapata udaktari wake. Na skia hii: Chuo Kikuu cha Würzburg, kilichokuwa kimemnyima nafasi juu ya cheti, ndicho kilimpa uprofesa 1888.

Hapo ndipo mambo yalilipuka. Jioni ya 8 Novemba 1895 alikuwa akipitisha umeme kwa bomba la glasi alilolifunika kabisa kwa karatasi nyeusi. Ghafla, kibao kilichopakwa kemikali kikaanza kung'aa gizani. Alijifungia maabarani wiki kadhaa. Tarehe 22 Desemba akapiga picha mkono wa bibi yake, Anna Bertha: mifupa na pete, zote zikaonekana.

Watu wengi huishia kwa huo mkono. Lakini kwa ripoti yake ya kwanza, Röntgen alitaja pia kipande cha chuma ambacho miale ilionyesha ndani hakiko sawa. Baadaye kidogo akapiga picha bunduki yake ya kuwinda, akaona ndani bila kuifungua.

Sasa ingia kiwanda cha injini za ndege. Zile panga ndogo zinazozunguka ndani ya injini ya jeti hutengenezwa kwa metali iliyoyeyushwa ikamwagwa kwa kalibu. Nje inaweza kukaa fiti, kumbe ndani kuna kashimo ka hewa. Kwa ule moto na ile kasi, ufa unaweza kuanzia hapo. Ukiipasua ndio uangalie, ushaiharibu. Kwa hivyo mkaguzi anaipiga eksirei, anasoma picha polepole, kisha anaamua: ipite ama itupwe. Akiona vibaya, mtu hatajua hadi ndege iwe hewani. Akiona vizuri, hakuna abiria atawahi kumshukuru.

Röntgen mwenyewe hakutafuta shukrani. Mwaka wa 1901 alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, na doo zake akaziachia chuo cha Würzburg. Alikataa pia kuchukua hataza, ndio kila mtu atumie miale hiyo bure. Angetaka, angekuwa tajiri mbaya.

Alifariki Munich 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka 77, wakati mfumuko wa bei Ujerumani ulikuwa umekula akiba yake. Kwa hivyo siku ukipanda ndege pale JKIA na ufike salama, jua kuna mkaguzi mahali alikataa kupitisha kipande kibovu, na kuna jamaa aliyemwachia macho ya kukiona bila kumlipisha hata ndururu.