Kaldor na Kodi ya Mweka Akiba

Kila usomwapo mswada wa fedha, mimi humkumbuka Nicholas Kaldor, mwanauchumi aliyezaliwa Budapest mwaka 1908 na kufariki Uingereza mwaka 1986.

Mnamo 1951 Uingereza ilimteua katika tume ya kuchunguza kodi ya mapato. Wengi katika tume hiyo walikataa kuitoza kodi faida ya kuuza hisa na mali. Kaldor na wenzake wawili wakawapinga kwa maandishi mwaka 1955. Mwaka uo huo alitoa kitabu kuhusu kodi ya matumizi.

Hoja yake ilikuwa wazi. Mfanyakazi hutozwa kodi kwa mshahara wake. Akiweka akiba, hutozwa tena kwa riba. Tajiri ambaye hisa zake zimepanda bei huuza chache, akala akasaza, asitozwe kitu. Kaldor aliona heri mtu atozwe kwa anachokitumia wala si kwa anachokichuma. Akiba isiguswe hadi itumiwe. Naye aliyethubutu kuwekeza akapata hasara, matumizi yake yakipungua, kodi nayo ipungue.

India ilimwalika mwaka 1956, ikatunga sheria mwaka 1957. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1962, ikarejeshwa 1964, ikafutwa tena 1966: waliolipa walikuwa wachache na mapato yalikuwa haba. Huko Guyana, iliyokuwa koloni la Uingereza, bajeti ya 1962 iliyofuata ushauri wake ilizusha mgomo, na sehemu ya jiji la Georgetown ikateketea. Hata hivyo, akiwa mshauri wa serikali ya Uingereza, aliiona kodi ya faida ya mali ikianzishwa mwaka 1965.

Hapa Kenya, kodi kama hiyo ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi mwaka 2015. Kwa miaka hiyo 30, mwalimu alikatwa kodi ya mshahara na ya riba, ilhali aliyeuza shamba lake kwa faida kubwa hakutozwa kwa faida hiyo.

Naonelea Kaldor alitambua dhuluma hii barabara. Lakini India na Guyana zatufunza kwamba hoja njema haitoshi. Kodi yahitaji kumbukumbu zilizo kamili na raia walioelezwa mapema. Serikali itakayo haki katika kodi na ianzie hapo, kabla ya kuongeza hata senti moja juu ya riba ya mweka akiba.