Édouard Lucas, Mwalimu Aliyeikamata Nambari ya Tarakimu 39

Nambari isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa nambari tasa. Mifano ni 2, 3, 5, 7 na 11. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyekamata tasa kubwa ajabu kwa mkono mtupu.

Édouard Lucas alizaliwa tarehe 4 Aprili 1842 mjini Amiens, Ufaransa. Alianza kazi katika jumba la kuchunguzia nyota mjini Paris, akapigana kama afisa wa mizinga katika vita vya 1870-1871, kisha akashika chaki. Alikuwa mwalimu wa sekondari kama walimu wetu, akifundisha hisabati katika shule za Saint-Louis na Charlemagne huko Paris.

Mwaka wa 1644 padre Marin Mersenne alikuwa ametoa orodha ya nambari akidai ni tasa. Zote zina umbo moja. Zidisha 2 saba pamoja upate 128, toa 1, ni 127. Orodha ilitaja pia nambari ya 2 sitini na saba, na hata ya 2 mia moja ishirini na saba! Hii ina tarakimu 39:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Ukiijaribu kwa kugawanya moja moja utazeeka bure.

Lucas alipita njia nyingine. Hebu shika kalamu tuijaribu kwa 127. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, ni 7. Rudia, ni 47. Rudia, ni 2207, lakini hiyo imepita 127, kwa hivyo igawe kwa 127 na uchukue baki tu, 48. Ukiendelea hivyo utapata 16, halafu 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili. Baki ni 0. Sifuri hiyo ndiyo ushahidi kwamba 127 ni tasa. Kwa lile jitu la tarakimu 39 hatua hiyo hurudiwa mara 125. Lucas alipanga hesabu kwenye ubao kama wa drafti, vyumba 127 kwa 127. (Sisi hapa Chwele drafti yetu ni katoni na vifuniko vya soda, na bado tunagombana.) Mwaka wa 1876 akatangaza kuwa ni tasa.

Lakini mimi namvulia kofia zaidi kwa ile ya 67. Sifuri haikutokea. Lucas akajua padre alikosea, ingawa hakujua nambari hiyo inagawanyika kwa ngapi! Jibu hilo lilitolewa na Mmarekani F. N. Cole mwaka wa 1903.

Mwalimu huyu alipenda mizaha pia. Mwaka wa 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi, wenye vigingi vitatu na visahani vya kuhamisha kimoja kimoja, kikubwa kisikae juu ya kidogo. Alijificha kwa jina la N. Claus de Siam. Zipange upya herufi hizo utapata Lucas d'Amiens. Na visahani 7 huhitaji hatua ngapi kwa uchache? 127!

Kifo chake ni cha kusikitisha. Katika karamu mjini Marseille, sahani ilianguka ikavunjika, kigae kikamkata shavuni. Kidonda kiliingia ugonjwa, naye akaaga dunia tarehe 3 Oktoba 1891 akiwa na miaka 49.

Hakuna aliyepata tasa kubwa kuliko yake hadi 1951. Sasa zinatafutwa kwa kompyuta, na njia ya kuzihakikisha ilitokana na yake. Ile iliyopatikana Oktoba 2024 ina umbo lile lile na tarakimu 41,024,320. Mhariri wetu asijaribu kuichapisha.